Jina Lako Liandikwe Mahali: Haki na Wajibu Katika Mijengo ya Umma

Haya ni maneno yaliyotolewa na afisa wa habari wa kaunti mbele ya mafundi, vibarua, wanakandarasi na wanakamati wa miradi, katika ukumbi wa wadi. Tunayachapisha kwa sababu wengi waliohudhuria waliomba nakala.



Najua baadhi yenu mnajiuliza mtu wa kamera anatafuta nini katika mkutano wa mafundi. Kazi yangu mnaijua. Mradi ukizinduliwa, mimi ndiye ninayewaambia msogee kidogo kushoto ili ubao usomeke. Kisha naandika maneno mawili matatu chini ya picha, jarida linachapishwa, na mimi naenda kwa mradi mwingine.

Basi niwaeleze kilichonileta hapa. Kuna picha moja niliyoipiga siku soko moja la kaunti lilipoanza kujengwa. Nyuma ya viongozi walisimama mafundi sita. Chini ya picha niliandika kwamba mradi huo unawapa wenyeji kazi. Miezi miwili baadaye simu yangu ililia.

"Kijana, wewe ndiye wa kamera?"

"Ndiyo, mzee wangu."

"Mimi ni yule wa pili kutoka kushoto. Umeandika tumepewa kazi. Sasa andika kwamba hatujalipwa wiki tano."

Nilikwenda kumwona. Mzee huyo ni fundi wa mawe, amejenga nyumba za watu zaidi ya miaka ishirini. Alikuwa amemwendea mwanakandarasi, akaambiwa kwamba kazi ya mawe imepewa mwanakandarasi mdogo. Akaenda kwa huyo mdogo, akaambiwa kaunti haijalipa. Akaja ofisini, akaambiwa kaunti haikumwajiri. Kila mlango aliobisha ulimwelekeza mlango mwingine. Tulipofika kwa afisa wa leba na daftari la mahudhurio kuletwa, jina lake lilikuwamo kwa wiki tatu tu. Wiki mbili hazikuonekana popote. Hakuna kitabu kilichoonyesha kwamba mtu huyu aliamka alfajiri na kupanga mawe chini ya jua siku hizo.

Aliyemwokoa ni mama anayeuza chakula kando ya mjengo. Mama huyo huwakopesha mafundi chakula cha mchana na kuandika katika daftari lake la shule: jina, tarehe, deni. Mzee alikuwa amekula kwa mkopo siku zile zote zilizokosekana. Daftari lile likawekwa mezani, na mwanakandarasi akakubali kulipa. Lakini mafundi wenzake wawili waliokuwa wakibeba chakula kutoka nyumbani hawakuwa na cha kuonyesha. Wiki zao mbili walizikosa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hiyo niliona kwa macho yangu kwamba hata jasho hupotea hivyo.

Ndiyo maana nimeomba nafasi hii kabla ya msimu mwingine wa ujenzi. Soko, zahanati, darasa la chekechea, afisi ya wadi, zote hujengwa juu ya ardhi ya umma. Ibara ya 62 ya Katiba inasema ardhi ya umma ya kaunti inashikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya wakazi. Maana yake ni kwamba mwenye soko lile ni ninyi. Fundi anayejenga pale anajenga mali yake, ya mama yake na ya watoto wake. Ikiwa hapo ndipo anapodhulumiwa, basi tumekosea mahali pabaya sana.

Tuanze na swali linalozua utata mwingi: mwajiri ni nani? Katika mradi wa kandarasi, kaunti ndiyo mwenye kazi, na mwanakandarasi ndiye mwajiri. Yeye ndiye anayekuandika, anayekulipa na anayewajibika ukiumia. Pia fahamuni kwamba Jedwali la Nne la Katiba limeiachia serikali ya kitaifa masuala ya viwango vya kazi. Afisa wa leba na mkaguzi wa usalama kazini ni maafisa wa serikali ya kitaifa, si wa kaunti. Kwa hivyo mhandisi wa kaunti hawezi kutoa uamuzi kama wa hakimu kuhusu mshahara wako.

Lakini hilo halituruhusu sisi wa kaunti kukunja mikono. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015, katika kifungu cha 55, inaeleza nani anayestahili kushindania zabuni ya umma. Mojawapo ya masharti ni kwamba asiwe amepatikana na hatia ya kukiuka vibaya sheria za ajira ya haki. Yaani namna anavyowatendea wafanyakazi ni sehemu ya sifa zake, sawa na mitambo yake na pesa zake benki. Malalamishi yakiandikwa na kuthibitishwa, yana uzito. Yakibaki maneno ya kijiweni, mwanakandarasi huyo atarudi mwaka ujao na faili safi.

Sasa twende kwa kuajiriwa. Nawasikia vijana wakisema, "Mradi uko kwetu, mbona wanaletwa watu wa kutoka mbali?" Ni swali la haki, na jibu lake lina pande mbili. Upande wa kwanza, sheria hiyo ya ununuzi inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za zabuni zitengewe vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na inataka kaunti itenge angalau asilimia 20 ya ununuzi wake kwa wakazi wa kaunti. Vijana wenye kampuni iliyosajiliwa wana mlango hapo. Mwanakandarasi lazima pia awe amesajiliwa na Mamlaka ya Taifa ya Ujenzi, na mamlaka hiyo hiyo huwatambua mafundi stadi na wasimamizi wa mijengo. Fundi mwenye cheti chake ana neno la kusema anapojadili malipo.

Upande wa pili unauma kidogo. Kamati inaweza kukubaliana na mwanakandarasi kwamba kazi za mikono zianze na wakazi wa karibu, na hilo ni jambo jema. Lakini "wakazi wa karibu" haimaanishi kabila fulani, ukoo fulani au watu wa upande fulani wa siasa. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinakataza ubaguzi wa asili, jinsia, dini, maoni ya kisiasa au ulemavu. Jirani yako aliyehamia hapa na kulipa ada ya soko kila siku ni mkazi kama wewe. Na nyapara anayetaka "kitu kidogo" ili akuandike hafanyi mila ya mjengo. Anakuuzia kazi ambayo si yake.

Kifungu hicho hicho kinataka malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Nalitaja hili kwa ajili ya akina mama wanaobeba maji, mchanga na kokoto. Katika mijengo kadhaa nimesikia mama akipewa ujira mdogo kuliko kijana aliye kando yake, na wote wawili wanabeba ndoo zile zile kutoka tangi lile lile. Hiyo si sheria. Ni mazoea mabaya, na mazoea yanaweza kuachwa.

Tufike kwa malipo yenyewe. Neno "kibarua" tunalitumia ovyo. Kisheria, kibarua ni mtu anayelipwa mwisho wa siku, ambaye hakuajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa wakati mmoja. Mtu aliyefanya kazi mfululizo mpaka siku zake zikafika mwezi mmoja hahesabiwi tena hivyo. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira kinamgeuza kuwa mfanyakazi wa mwezi, mwenye haki ya kupewa notisi kabla ya kusimamishwa. Vivyo hivyo kwa kazi ambayo kila mtu anajua haiwezi kumalizika chini ya miezi mitatu. Soko haliwezi kujengwa kwa wiki mbili. Basi mtu asikwambie mwezi wa nne kwamba wewe bado ni "wa leo tu".

Mkataba wa miezi mitatu au zaidi lazima uandikwe, na kuuandika ni kazi ya mwajiri. Asiyejua kusoma anaeleweshwa kwa lugha anayoifahamu, kisha anaweka dole gumba. Na hapa nawaomba msikilize vizuri. Mwajiri akishindwa kuonyesha mkataba huo mbele ya mahakama, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti mliyokubaliana unamwangukia yeye. Kwa hivyo kukosa karatasi hakukunyimi haki yako. Hata hivyo, ukiwa na kumbukumbu yako mwenyewe, njia inakuwa fupi zaidi.

Nunua kijitabu kidogo. Kila jioni andika tarehe, kazi uliyofanya, saa ya kuingia na kutoka, jina la aliyekusimamia, na pesa ulizopokea. Ukilipwa kwa M-Pesa, usifute ujumbe. Mkiwa watano, mmoja awe mwandishi wa wote na wengine watie saini kila Jumamosi. Ni dakika tano tu. Wale mafundi wawili niliowataja walipoteza wiki mbili kwa kukosa dakika hizo tano.

Kiwango cha malipo nacho hakipangwi na nyapara peke yake. Kuna amri za mishahara zinazotolewa na serikali ya kitaifa, na hakuna anayeruhusiwa kulipa chini yake. Kima cha chini cha jumla kiliongezwa kwa asilimia 6 kuanzia Novemba 1, 2024, na sekta ya ujenzi ina amri yake pia. Kabla ya kukubali kazi, muulize afisa wa leba kiwango cha eneo lenu. Kuuliza hakumkosei mtu heshima. Na uwe na siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Hiyo nayo ni sheria.

Sasa niseme jambo ambalo huenda wakubwa wangu wasilipende sana, lakini wanajua ni kweli. Wanakandarasi walio hapa wamekuwa wakitikisa vichwa tangu nianze. Wanataka kuniuliza, "Na kaunti ikichelewa kutulipa?" Lalamiko hilo lina msingi. Msimamizi wa Bajeti hutaja katika ripoti zake madeni ambayo serikali za kaunti hazijawalipa waliotoa huduma. Mwanakandarasi mdogo aliyekopa benki kununua saruji na vyuma anaumia deni likikaa miezi. Kaunti ina wajibu wa kulipa kwa wakati kazi iliyokaguliwa na kukubaliwa, na ninyi mna haki ya kutudai bila kuogopa.

Lakini deni la kaunti kwa mwanakandarasi si deni la kibarua. Mkataba wa ajira ni kati ya mwajiri na mfanyakazi. Fundi hakutia saini zabuni, hakuhesabu faida, na faida ikipatikana hagawiwi. Basi hasara ya kusubiri isishushwe mpaka imfikie yeye. Kabla ya kuweka bei ya zabuni, hesabu mishahara ya miezi ya mwanzo kama unavyohesabu saruji. Ukiona huwezi kuilipa kabla ya hundi ya kaunti, zabuni hiyo bado ni kubwa kwako. Na ukimpa mwanakandarasi mdogo sehemu ya kazi, fuatilia kama anawalipa watu wake, maana jina lililo kwenye ubao ni lako.

Niguse usalama, kwa sababu mshahara uliocheleweshwa unaweza kulipwa kesho, lakini mtu aliyeanguka kutoka ghorofa ya pili harudishwi na hundi. Juni 2017, daraja la Sigiri katika Kaunti ya Busia liliporomoka likiwa bado linajengwa, na wafanyakazi wakajeruhiwa. Lilikuwa mradi wa umma wenye wahandisi na mitambo. Mjengo mkubwa unaweza kuanguka, na ule mdogo wa darasa la chekechea pia unaweza kuanguka.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri atoe na kutunza vifaa vya kujikinga: helmeti, glavu, viatu, miwani, kulingana na kazi. Nyapara asikukate mia mbili za helmeti. Penye wafanyakazi 20 au zaidi, kuwe na kamati ya usalama ambayo wafanyakazi wenyewe wanawakilishwa. Ukiona hatari kubwa iliyo karibu, tuseme jukwaa limelegea au kuta za mtaro zimeanza kupasuka, ripoti kwa msimamizi wako. Mpaka hatari hiyo iondolewe, hawezi kukulazimisha kurudi pale. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mafundi mnaijua methali hii kuliko sisi wa ofisini.

Ajali ikiua mtu, mwajiri ana saa 24 kumjulisha afisa wa usalama kazini wa eneo. Sheria ya Fidia ya Majeraha ya Kazini, nayo ya mwaka 2007, inamtaka kila mwajiri awachukulie wafanyakazi wake bima. Ulemavu wa kudumu hulipwa kwa kipimo cha mapato ya miezi 96, kulingana na ukubwa wa jeraha. Lakini dai lina muda wake: miezi 12 tangu ajali. Wapo waliokaa nyumbani mwaka mzima wakisubiri mwajiri "awaonee huruma". Fidia si huruma. Ukiumia, ripoti siku hiyo hiyo, na ikiwa huwezi kutembea mtume mwenzako. Hakikisha daktari ameandika kwamba uliumia kazini.

Na wajibu wa mfanyakazi je? Upo. Helmeti iliyotolewa ivaliwe kichwani, isigeuzwe kibeba misumari. Usije kazini umelewa. Usiibe saruji ya zahanati, maana dawa za mtoto wako ndizo zitakazolowa mvua ikipenya paani. Ukilipwa siku nane, fanya siku nane. Na mtoto asiletwe kubeba mawe hata kama ni likizo ya shule.

Basi mtu akidhulumiwa aanzie wapi? Mweleze msimamizi, kisha mwanakandarasi, kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu. Ijulishe kamati ya mradi na mhandisi wa kaunti, kwa sababu wao ndio wanaokagua kazi kabla ya malipo kutolewa. Usiporidhika, nenda kwa afisa wa leba. Huduma yake ni ya umma, huhitaji wakili. Mbele zaidi kuna Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Na Ibara ya 41 ya Katiba inawapa haki ya kuunda chama cha wafanyakazi, kujiunga nacho, na hata kugoma. Mtu mmoja akiuliza huitwa msumbufu. Watu thelathini wakiuliza huitwa kikao.

Namalizia na sehemu iliyo kazi yangu hasa. Ibara ya 35 ya Katiba inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inatutaka tukishatia saini kandarasi, tutangaze kazi ni gani, bei ni ngapi, aliyepewa ni nani na itamalizika lini. Kama hamjaiona habari hiyo, niombeni. Andikeni kwa Kiswahili, inakubalika kisheria. Asiyeweza kuandika aje aseme, afisa atamwandikia. Tuna siku 21 za kujibu. Ulizeni pia kama mwanakandarasi amelipwa, na lini. Mkiwa na tarehe hiyo, hakuna atakayewaambia "kaunti haijalipa" wakati hundi imetoka mwezi uliopita. Na kama kweli haijatoka, mtajua wa kumuuliza ni sisi.

Mimi siwezi kuwaahidi mishahara, si kazi yangu. Ninaloweza kuahidi ni hili. Sitapiga tena picha ya mjengo wa kaunti ambao mafundi wake hawana helmeti, kisha niandike kwamba mambo ni mazuri. Na nitakapoandika kwamba mradi umewapa watu kazi, nitakuwa nimeuliza kwanza kama wamelipwa.

Yule mzee wa pili kutoka kushoto yuko kwenye mjengo mwingine sasa. Juzi alinitumia picha kwa simu, bila maneno yoyote. Ilikuwa ukurasa wa kijitabu chake: tarehe, kazi, saa, na saini ya nyapara. Chini yake yalifuata majina ya wenzake wanne.

Maswali nayakaribisha, na mama wa chakula aanze, maana kama si daftari lake nisingekuwa na la kuwaeleza.